Alama ya Uchafu

Darasa la sita tulikaa wanne kwa kitabu kimoja cha Hisabati. Mwalimu wetu pale Tanga alikuwa na sharti moja tu kuhusu kitabu kile: hakiandikwi. Anayetaka kujaza majibu kwenye majedwali yaliyochapwa humo avuke barabara hadi steshenari, atoe kopi ya ukurasa anaouhitaji, aandike kwenye kopi. Siku nyingi hakuna aliyevuka. Tulisoma pamoja, kila mtu akafanya hesabu kwenye daftari lake, na kitabu kimoja kikatufaa wanne mwaka mzima. Kopi ilitolewa siku ya kuandika, tena ya ukurasa ule mmoja tu.

Leo kazi inayoniweka mjini ni kukagua msimbo wa kompyuta, na sharti la mwalimu yule nakutana nalo karibu kila siku, maana kompyuta nayo hutunza kumbukumbu yake kwa namna hiyohiyo. Ndugu zangu wengi wanajua kwamba "nafanya mambo ya kompyuta." Nikiwaambia kwamba kutwa nzima nimesoma mistari sita iliyoandikwa na mtu mwingine, wananihurumia. Mistari ya namna hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Chini ya programu zote za simu yako, chini ya kamera na kikokotoo na WhatsApp, ipo programu moja inayogawa kila kitu: nani atumie prosesa sasa hivi, nani aguse hifadhi, nani apewe kumbukumbu na kiasi gani. Inaitwa kerneli. Iliyo ndani ya simu za Android ni Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Hiyohiyo ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti. Programu ya kawaida ikikosea, inafungwa yenyewe na nyingine zinaendelea. Kerneli ikikosea, hakuna aliye juu yake wa kuizuia.

Kerneli haigawi kumbukumbu kwa baiti mojamoja. Huikata vipande vilivyo sawa, kila kipande kikaitwa ukurasa, na ukurasa wa kawaida una baiti 4,096. Simu yenye RAM ya gigabaiti 2 ina kurasa 524,288, na kerneli inatakiwa kujua habari za kila mmoja: uko kwa nani, unaruhusiwa kusomwa tu au na kuandikwa pia, umeguswa karibuni au umelala tu, na je, umebadilishwa tangu ulipoletwa kutoka kwenye hifadhi? Jibu la swali hilo la mwisho hutunzwa kwa alama ndogo ambayo mafundi huiita alama ya uchafu. Ukurasa mchafu hauna ubaya wowote. Ni ukurasa ulioandikwa kitu, kwa hiyo yaliyomo hayalingani tena na yaliyoko kwenye faili, na lazima yahifadhiwe kabla nafasi yake haijapewa mwingine. Naomba msomaji asiisahau alama hiyo, maana ndiyo yenye kisa.

Programu mbili zikihitaji faili moja, kerneli huleta ukurasa mmoja, zikausoma zote kwa pamoja. Mojawapo ikitaka kuandika mambo yake binafsi, hapo kerneli huvuka barabara: hutoa kopi, humkabidhi mwandishi kopi, na kitabu hubaki kama kilivyokuwa. Bila ujanja huu simu nyingi tulizo nazo mikononi zingefungua programu chache zaidi kwa wakati mmoja.

Mimi nipo kwenye kampuni ndogo Dar es Salaam inayotengeneza vifaa vya kusomea mita za maji. Kifaa kimoja kina RAM ya megabaiti 256, kwa hiyo kumbukumbu kwetu ni kama maji ya kununua kwa ndoo. Tunachukua kerneli ya Linux ilivyo, tunaongeza vyetu vichache, na kila badiliko, liwe la kwetu au la wenye Linux, lazima lisomwe na watu wawili kabla ya kuingia. Badiliko linakuja kama kiraka: maelezo juu, kisha mistari yenye alama ya kutoa kwa kilichoondolewa na alama ya kujumlisha kwa kilichoongezwa. Anayeanza kazi hii husoma mistari ya kujumlisha, akiona iko sawa anapitisha. Nami nilianza hivyo. Kwenye kumbukumbu, usomaji wa namna hiyo ni hatari, na kisa kinachoonyesha hivyo ni kile ambacho dunia inakijua kwa jina la Dirty COW. Herufi C, O na W ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kutoa kopi wakati wa kuandika. Zikisomwa pamoja ni ng'ombe, ndiyo maana nembo ya kisa hicho ni ng'ombe.

Ndani ya kerneli kuna kipande ambacho kazi yake ni kuushika ukurasa wa programu fulani kwa niaba ya mwombaji mwingine. Hufanya kazi kwa kuzunguka. Kinatafuta ukurasa. Kikiukosa, au kikikuta hauruhusiwi kuandikwa, kinaomba utengenezwe, kisha kinarudi kutafuta upya. Zipo programu, kama zile za kuchunguzia hitilafu za programu nyingine, zinazoruhusiwa kulazimisha uandishi hata juu ya ukurasa wa kusomwa tu, mradi kinachoandikwa kiwe kopi yao na si kitabu chenyewe.

Sasa palikuwa na kikwazo. Kopi ikishatolewa, bado imepigwa muhuri wa "kusomwa tu." Mzunguko wa pili ungeikataa tena, na wa tatu vilevile, bila mwisho. Wenye kerneli wakaweka njia ya mkato: kopi ikishatolewa, kipande kile kinaacha kusema kwamba kinataka kuandika. Kinasema kinataka kusoma tu, kinapewa ukurasa, kisha kinaandika. Hapana ubaya, kwa kuwa ukurasa ni kopi.

Lakini kati ya mzunguko wa kwanza na wa pili, uzi mwingine wa programu ileile, yaani mkondo wake mwingine wa kazi unaokwenda sambamba, unaweza kuiambia kerneli: kopi ile siihitaji tena, itupe. Ombi hilo ni halali kabisa, programu huliomba kila siku. Rudi nami darasani uone kinachotokea. Nimetoa kopi, nimeilaza juu ya kitabu. Mwalimu ameridhika, haniulizi tena kama nimeshika kalamu. Nageuka kuchukua rula. Jirani yangu anaichomoa kopi na kuitupa. Narudi, nainama, naandika kwa wino, na kilicho chini ya mkono wangu ni kitabu cha shule.

Kwenye kompyuta, kitabu hicho kinaweza kuwa faili lenye orodha ya watumiaji wa mfumo, au programu inayofanya kazi kwa mamlaka ya msimamizi mkuu. Mtu asiye na ruhusa yoyote anaandika humo anachotaka, na kuanzia hapo mashine ni yake. Upenyo kati ya mizunguko miwili ni mfupi mno, lakini kompyuta haichoki. Mshambuliaji anaanzisha nyuzi mbili, moja inaandika, nyingine inatupa, zinarudia na kurudia hadi zipishane vile anavyotaka.

Aliyekigundua kisa hiki ni Phil Oester, na hakukigundua kwa kusoma msimbo. Alikuwa na desturi ya kurekodi mawasiliano ya wavuti yanayoingia kwenye seva yake, na humo akaikuta programu ya mtu aliyekwisha kumshambulia. Tatizo likatangazwa Oktoba 2016. Tundu lilikuwa wazi tangu toleo la 2.6.22 la mwaka 2007, miaka tisa, kwenye seva na kwenye simu. Mwaka uliofuata ikaonekana programu hasidi ya Android, ZNIU, ikilitumia tundu hilohilo kwenye simu ambazo hazikuwa zimesasishwa.

Nilisoma kiraka cha Torvalds cha kuziba tundu hilo wiki ile kilipotoka. Mistari haifiki ishirini. Chini yake, Hugh Dickins ametia neno la kukubali na Michal Hocko neno la kwamba amekihakiki, wote wawili watu walioijua kumbukumbu ya Linux kwa miaka. Msimbo niliusoma kwa dakika tano. Maelezo ya juu yalinishika jioni nzima.

Torvalds anaeleza humo kwamba hitilafu hii ni ya kale, na kwamba yeye mwenyewe alijaribu kuirekebisha miaka 11 nyuma, mwaka 2005, tena vibaya. Dawa yake ya wakati ule ilitegemea alama ya uchafu: ukurasa wa kuandikia usikubaliwe mpaka uwe na alama hiyo. Ila kulikuwa na s390, mashine kubwa za IBM, ambazo hazikuwa zikiitunza alama ya uchafu mahali palepale ambapo prosesa nyingine huitunza. Kwazo kiraka kile kilileta matatizo, kikatenguliwa. Waliotengua hawakukosea, mashine zile zilihitaji kufanya kazi. Na kwa kuwa upenyo ule ulionekana wa nadharia tu, usioweza kutokea kweli, watu wakaendelea na mengine. Miaka ikapita. Kerneli ikawa na kasi zaidi na kazi nyingi zaidi kwa wakati mmoja, na cha nadharia kikawa rahisi kutokea. Zile s390 nazo zikapata namna yao ya kutunza alama ya uchafu katika toleo la 3.9, mwaka 2013. Kuanzia siku hiyo sababu ya kutengua ikawa imekwisha, na ikachukua miaka mingine mitatu kabla mtu hajarudi kuangalia. Kilichomrudisha ni shambulio.

Hapa ndipo ninapoumia. Katika miaka ile yote wapo watu waliopita kwenye faili lile, wakaongeza, wakapunguza, na kila kiraka kikasomwa. Kila msomaji aliona msimbo uliopo. Hakuna mstari uliomwambia kwamba pale palikuwa na kizuizi, kikaondolewa kwa ajili ya mashine fulani, na kwamba mashine hiyo ikipona kizuizi kirudishwe. Msimbo hauwezi kusema hivyo. Kinachoweza kusema ni maelezo ya aliyeandika, akiyaandika, na msomaji akayadai.

Kisa hakikuishia hapo. Dawa ya mwaka 2016 ilikuwa hivi: kipande kile kisisahau kamwe kwamba kinataka kuandika. Kiweke kumbukumbu kwamba kopi imeshatolewa, kisha kiukubali ukurasa wa kusomwa tu endapo una alama ya uchafu. Hoja ni kwamba ukurasa wa namna hiyo hauwezi kuwa kitu kingine ila kopi, maana kitabu hakichafuki.

Miezi michache baadaye kanuni ileile ikapelekwa kwenye kurasa kubwa, zile za megabaiti 2 zinazobeba nafasi ya kurasa ndogo 512. Huko kulikuwa na kipande kingine, kilichoandikwa na watu wengine kwa shughuli nyingine, kilichokuwa kikiweka alama ya uchafu hata ukurasa ulipoguswa kwa kusomwa tu. Zamani haikumdhuru mtu. Sasa alama hiyo ilikuwa ushahidi mahakamani, na kumbe kuna mtu anaigonga ovyo. Novemba 2017 watafiti wa Bindecy wakaonyesha kwamba tundu limefunguka upya upande wa kurasa kubwa. Likazibwa. Kisha katika toleo la 5.16, lililotoka Januari 2022, likaingia badiliko lililohusu mafaili yanayoishi ndani ya kumbukumbu yenyewe, nalo likaanza kuweka alama ya uchafu bila masharti, kwa sababu zake halali. Tundu likafunguka mara ya tatu, safari hii kwa mafaili ya aina hiyo. Agosti 2022 David Hildenbrand wa Red Hat akaamua kuiacha kabisa njia ya kubahatisha kwa alama ya uchafu. Kerneli ilikuwa imepata alama mpya katika toleo la 5.19, yenye kusema jambo moja tu: ukurasa huu ni wa programu hii peke yake. Kipande kile kikaanza kuuliza hilo moja kwa moja.

Nimewahi kuziweka tarehe hizi kwenye ubao wa ofisini, 2005, 2007, 2016, 2017, 2022, na vijana wakauliza nani alikosea. Nikawaambia watafute mstari ambao, ukiusoma peke yake, ni mbaya. Waliutafuta mpaka saa ya chakula. Mmoja anaweka alama akimaanisha "hiki kihifadhiwe." Mwingine, mafaili kadhaa mbali, anaisoma akielewa "hii ni kopi." Wote wanatumia alama moja, na kila mmoja yuko sawa pale aliposimama. Kiraka kinachogusa upande mmoja hakimwonyeshi mhakiki upande wa pili, kwa sababu upande wa pili haukubadilika.

La kwangu mwenyewe lilinipata mwaka 2019. Mwenzangu alileta kiraka cha mistari sita kwenye draiva ya hifadhi ya kifaa chetu, kile kipande cha kerneli kinachozungumza na hifadhi. Kulikuwa na nafasi ndogo ya kumbukumbu iliyotengwa muda wote bila kutumika sana. Akaona ni afadhali iombwe pale inapohitajika. Megabaiti 256 ni chache, nami nilifurahi kuona mtu anabana matumizi. Aliiomba kwa bendera ya kawaida, iitwayo GFP_KERNEL, ambayo kila mtu huitumia. Nikapitisha kabla ya chai ya saa nne.

Bendera ile ina maana pana kuliko inavyoonekana. Inaiambia kerneli: nipe kumbukumbu, na kama haipo, nipo radhi kungoja huku ukiandika kurasa chafu kwenye hifadhi ili upate nafasi. Lakini sisi tulikuwa ndani ya draiva ya hifadhi, katikati ya kuandika. Kumbukumbu ikibana, kuandika kunangoja kumbukumbu, na kumbukumbu inangoja kuandika. Vifaa vya majaribio pale ofisini vilikuwa na nafasi ya kutosha siku zote, kwa hiyo hatukuliona tatizo. Mwisho wa mwezi, wasoma mita wakiwa mitaani wanatoa ankara mfululizo, vifaa vikaanza kuganda mkononi, kimoja baada ya kingine. Dada mmoja msoma mita alinipigia kutoka Morogoro, sauti imekauka kwa jua: "Dada, mama mwenye nyumba amesimama hapa ananingoja, hiki kidude kimekufa na usomaji wa mtaa mzima uko humo ndani." Usomaji wa asubuhi nzima ulipotea, akarudia nyumba kwa nyumba kwa miguu. Dawa ilikuwa neno moja, kubadili bendera iwe GFP_NOIO, inayosema nipe kumbukumbu ila usiguse hifadhi kwa ajili yangu. Neno moja, ambalo ningeliona kama ningejiuliza mstari ule unaitwa na nani, na kumbukumbu ikiwa imebaki kiasi gani.

Tangu hapo nakagua kwa utaratibu mwingine. Kiraka nakisoma maelezo kwanza, na nikikuta maelezo yanarudia tu kile msimbo unachofanya, narudisha. Nataka kujua kwa nini, na kama kuna kilichowahi kujaribiwa kikashindikana. Kisha nafunga kiraka, nafungua faili zima, nazitafuta sehemu zote zinazougusa ukurasa uleule. Naweka kidole kati ya mstari na mstari na kuuliza: uzi mwingine ukipita hapa sasa hivi, nini kimebadilika? Nashika nini mkononi, kufuli ipi ya kuwazuia wengine? Na nikikutana na alama, iwe ya uchafu au nyingine yoyote, natafuta wote wanaoiandika na wote wanaoisoma, hata wale ambao kiraka hakiwataji. Zipo zana zinazosaidia. KASAN hupiga kelele mtu akigusa kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa, na syzbot ya Google hurusha maombi ya kila namna kwa kerneli mchana na usiku kutafuta linaloivunja. Nazipenda na nazitumia. Ila zana hukuambia kimevunjika kilichovunjika. Haziulizi alama inamaanisha nini kwa jirani.

Wanaoitunza Linux yenyewe wanajua uzito huu kuliko mimi. Mabadiliko ya kumbukumbu hupitia kwa Andrew Morton, ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akiyakusanya na kuyaacha yajaribiwe kwanza kabla ya kuyapeleka kwa Torvalds. Badiliko kubwa linaweza kurudishwa mara kumi na zaidi kabla halijakubaliwa, ingawa toleo jipya la kerneli hutoka kila wiki 9 au 10. Watu wa nje huona ni ukaidi. Mimi niliyepokea simu ile ya Morogoro naona wanajua wanachokifanya.

Wiki iliyopita kijana wetu mpya alileta kiraka cha mistari minane, kinachotumia tena ukurasa uliokwisha kujazwa badala ya kuomba mwingine. Kazi safi, nimesema hivyo mwanzoni mwa maoni yangu kwa sababu ni kweli. Kisha nikamwuliza: kati ya mstari unaouchukua ukurasa na ule unaouandika, nani mwingine anaweza kuuachilia?

Akajibu saa hiyohiyo: "Dada, hakuna."

Nikamwomba aandike jibu hilo kwenye maelezo ya kiraka, na aeleze kwa nini hakuna. Akakaa kimya siku mbili. Siku ya tatu alikuja mezani kwangu na kompyuta mkononi, hakutuma ujumbe.

"Dada, yupo. Ile saa ya kuzima kioo kuokoa betri. Ikifika zamu yake hapa katikati, inauachilia."

Kiraka amekiondoa. Toleo la pili limefika leo asubuhi, mistari kumi na minne, na maelezo yake yana aya tatu. Nimefika ya pili.